Yule panya wa kofia kwenye Tom na Jerry: ni wawili au ni mmoja?

Kinyozi wa Kibokoni:

Assalaam aleykum jamani. Nina swali la kitoto, lakini limewaondolea amani wateja wangu wawili na mimi pia, kwa hivyo msinicheke.

Mimi ni kinyozi, nina kijumba changu hapa Kibokoni, viti viwili na kioo kimoja. Televisheni nimeiweka karibu na mlango ili walio kwenye benchi waione. Aliye kitini haioni, ameelekea kioo na kichwa chake nimekishika mimi. Alhamisi jioni watoto wanajaa, na mtoto anayengoja bila kitu cha kutazama atakufungulia kila chupa ya spiriti uliyo nayo. Nimejaribu mengi. Mpira unaleta magomvi. Katuni za maneno hazisikiki, maana mashine inanguruma na feni yangu inalia kama inadai mshahara. Tom na Jerry ndiyo dawa. Wale hawana mazungumzo, wanapigana tu, na kila mtu anaelewa.

Sasa kuna pacha wawili, Hassan na Hussein (wajua tena kwetu, pacha wa kiume majina yao hayana kikao). Wana miaka minane na wamefanana shilingi kwa ya pili. Wanalelewa na bibi yao. Macho yake yameingia ukungu, na ndiye aliyenipa amri: Hassan umwachie nywele namba mbili, Hussein umpige kipara, nikipapasa kichwa nijue ni nani. Panki hataki hata kuisikia, na ustadh wa chuoni vilevile.

Natii. Tatizo ni kwamba ukiuliza nani Hassan, wanajibu wote wawili au hajibu hata mmoja. Mwezi uliopita walibadilishana majina kitini kwangu, Hassan akatoka na kipara kisichokuwa chake. Kazi ya kutumwa dukani ni ya Hussein, basi bibi akipapasa kipara asema “Hussein, kimbia ulete unga”, na anayekimbia ni Hassan. Wiki nzima. Siku hizi sidanganyiki, naangalia kidevu. Hussein ana kikovu alichokipata ngazini.

Niende kwenye swali. Alhamisi iliyopita niliweka flashi ya mteja mmoja, imejaa Tom na Jerry za zamani. Hussein alikuwa kitini nammalizia kipara, Hassan benchini. Halafu wakabadilishana, Hussein benchini, Hassan kitini. Mimi sikutazama, kinyozi akitazama televisheni mtoto anarudi kwao na mtaro kichwani. Nilisikia kicheko tu, tena kile cha kushika mbavu.

Walipotoka nje wakaanza kuvutana mashati. Hassan asema kulikuwa na Jerry wawili, mmoja wa kweli na mwengine amevaa kofia, sura moja, na huyo wa kofia alimpiga Tom kipigo cha mbwa koko. Hussein asema hakuna wawili, ni Jerry yuleyule amevaa kofia mwenyewe, ameona kwa macho yake akivaa. Wameapa wote. Mwenye flashi keshasafiri kwenda Lamu na flashi yake, na pacha wamegoma kunyolewa hadi niwape hukumu.

Nani ana haki? Na kama mwajua katuni nyengine iliyoweka wawili wanaofanana pamoja, nitajieni. Hawa ukiwapa kitu kinachowahusu wanatulia kama maji ya mtungi.

Dogo wa Kisauni:

Huyo ni yule panya mdogo wa kijivu anayevaa nepi, Nibbles. Anakula kila kitu, haulizi. Kesi imekwisha, lete wengine.

Kinyozi wa Kibokoni:

Yule wa nepi namjua. Yule ni mdogo, ukimweka kando ya Jerry ni mtoto na babake. Hawa wasema wako sawa kimo na sura. Nisaidieni, Alhamisi inakaribia.

Mzee wa Kanda:

Kinyozi, kijana wangu, hapo umefika kwa mwenyewe. Mimi nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video pale Mwembe Tayari, zama za deki, kabla ya sidii kutufilisi. Tom na Jerry nilikuwa nazo kanda nne, na zilirudi zimechakaa kuliko kanda yoyote ya Kihindi dukani.

Katuni hiyo inaitwa Jerry's Cousin, ya mwaka 1951. Maana yake binamu wa Jerry, ingawa sisi tungesema ndugu yake tu, mtoto wa ami. Jina lake Muscles, yaani misuli. Huyu Muscles yuaishi mtaa wa vurugu, na paka wa mtaa huo ndio wanaomkimbia yeye. Jerry kule nyumbani yuateswa na Tom, analipuliwa fataki hadi mlangoni pa tundu lake. Basi anaandika barua: ndugu yangu, njoo. Muscles anavaa kofia, anakuja.

Sasa sikiliza raha yake. Tom hajui kama kuna mgeni. Anachojua ni panya mmoja tu, yule anayempiga kila siku. Anamwona huyu, sura ileile, anamwendea kwa mazoea, na anapigwa hadi anasahau njia ya jikoni. Sisi tunaotazama twajua, paka hajui. Ndiyo maana wateja wako walishika mbavu. Mtu akipigwa na adui anayemjua kwa nguvu zake, hapo hakuna kichekesho. Kichekesho ni kupigwa na uliyemzoea kumpiga, tena hujui kwa nini leo mkono wake mzito.

Tom anajinyanyua anajaribu tena, anashindwa. Mwisho anaita paka wa kukodi, majambazi wa kazi, nao wanapigwa palepale. Akaona basi, akamwangukia Muscles akambusu miguu.

Na sasa hukumu yako. Muscles anapoondoka anamwachia Jerry nguo kama zake, kofia na vyote. Jerry anazivaa. Tom anatokea, anaona kofia, anaanguka tena kubusu miguu, na safari hii miguu ni ya Jerry mwenyewe. Kwa hivyo Hassan ana haki, walikuwa wawili. Na Hussein ana haki, Jerry alivaa kofia. Kila mmoja aliona nusu yake. Si wewe mwenyewe uliyeandika kwamba walibadilishana kiti katikati? Katuni yenyewe ni dakika saba hivi.

Niongeze jambo moja, maana nimeitazama mara nyingi kuliko inavyostahili mtu mzima. Ukitaka kujua yupi ni yupi, wacha kofia, tazama mwendo. Muscles anatembea kifua mbele, mabega yanayumba kama baharia ameshuka Kilindini na mshahara mfukoni. Jerry hata akivaa zile nguo, hajazaliwa nazo. Waliochora walikuwa hodari. William Hanna na Joseph Barbera walitengeneza katuni 114 za hawa wawili kuanzia 1940 hadi 1958, wakashinda Oscar saba. Ule ukelele wa Tom akiumia, ambao najua hata kinyozini kwako unasikika juu ya feni, ni sauti ya Hanna mwenyewe.

Hii ya binamu iliteuliwa kugombea Oscar lakini haikushinda. Ilishindwa na katuni ya mtoto anayeitwa Gerald McBoing-Boing, ambaye badala ya maneno hutoa milio mdomoni. Nimeiona, ni nzuri. Lakini miaka yote ile ya duka, hakuna mtoto hata mmoja aliyekuja kuniulizia Gerald.

Mama Likoni:

Mzee wa Kanda, shikamoo. Nimecheka peke yangu ndani ya feri, watu wananiangalia.

Kinyozi, wape pacha wako hii pia: Timid Tabby, ya 1957. Ni ileile imegeuzwa nje ndani. Safari hii mwenye binamu ni Tom. Binamu anaitwa George, amefanana na Tom kila unywele, ila ana aibu moja kubwa: anaogopa panya! Jerry anamkuta, George anaruka na kutetemeka, Jerry anaona leo sikukuu. Anarudi kumtisha tena, kumbe sasa amemkuta Tom wa kweli, anatandikwa. Anajaribu tena, huyu anakimbia. Tena, huyu anapiga. Maskini panya haelewi paka huyu leo ana nini. Mwishowe paka wote wawili wanajibana wakawa kama dubwana moja la vichwa viwili na mikono minne, na Jerry akili inamtoka.

Mimi hii ndiyo naipenda zaidi, mnisamehe. Kwenye ile ya kofia, yule mwengine ana nguvu, anakuja kuokoa, ni sawa na kaka mkubwa kuja shuleni. Hapa yule mwengine ni dhaifu kuliko wenyewe, lakini kufanana tu kumekuwa silaha. George hakurusha hata ngumi.

Na hebu niwaambie, sisi haya hatukuyaonea kwenye televisheni. Bibi yangu alikuwa akitusimulia mashindano ya mbio ya sungura na kobe. Si ile ya shuleni ambapo sungura analala njiani. Ile ya bibi, sungura hakulala hata kidogo. Kobe aliwapanga jamaa zake njia nzima, mmoja kwenye kila kona, wote gamba moja, sura moja. Sungura akikimbia anaita, “Kobe, upo?” Na mbele yake sauti inajibu, “Nipo!” Anaongeza mbio, anaita tena, “Kobe, upo?” “Nipo!” Hadi anafika mwisho, ulimi nje, kobe amekaa anamngoja. Sisi kazi yetu ilikuwa kuitikia “Nipo!”, na bibi alikuwa akitugawa mmoja chumbani, mmoja ukumbini, mmoja uani, ili sauti itoke kila upande. Paka jirani alikuwa akikimbia kweli.

Wasimulie pacha hiyo siku stima ikipotea.

Dogo wa Kisauni:

Sawa, nimeshindwa kwa Nibbles. Lakini mbona mwazungumza katuni za babu zetu tu? Squidward na Squilliam je? SpongeBob, kipindi cha Band Geeks, cha mwaka 2001. Squidward ni keshia wa mkahawa, anapenda kupuliza klarineti na hakuna anayetaka kumsikia. Squilliam ni yeye mtupu, pua ileile, kichwa kilekile, ila ana nyusi moja iliyoungana na ana pesa. Anampigia simu kumringia, amwambia nina onyesho kubwa siwezi kwenda, wewe nenda na bendi yako, huku ajua vizuri hana bendi. Squidward kwa ubishi akasema ninayo. Sasa akusanye majirani ambao hawajui hata kushika tarumbeta. Wakapigana mazoezini. Siku yenyewe wakapiga muziki hadi Squilliam akazimia.

Huyo ndiye pacha anayeuma. Muscles anakuja kukusaidia. Squilliam yuko duniani kukuonyesha ungekuwa nani. Mimi nina binamu yangu Nyali wa hivyohivyo, jina moja, sura moja, tumezaliwa mwaka mmoja. Yeye ana gari. Kila harusi naulizwa, “Wewe ni yule mwenye gari?” Nami bado nasubiri bendi yangu.

Mzee wa Kanda:

Dogo, pole kwa binamu. Lakini hiyo ni kesi nyengine. Squidward na Squilliam hakuna anayewachanganya, hata wao wenyewe wajuana. Pale mchezo ni wivu. Kinyozi ameuliza ya kuchanganya. Mchezo wa kuchanganya unataka mtu mmoja asiyejua, na lazima awe ndiye anayejiona mjanja. Tom asingekuwa anajiona, kipigo chake kingekuwa huzuni.

Mama Likoni, marahaba. George nilimsahau kabisa. Lakini kumpenda kuliko Muscles, hapo hatukubaliani hadi kiyama.

Mama Likoni:

Tutakutana hukohuko, Mzee.

Kinyozi wa Kibokoni:

Nimerudi na ripoti. Kwanza Mzee wa Kanda, Mwenyezi Mungu akuzidishie, sikufikiria hata kidogo suala la kiti. Nimekaa na swali wiki nzima, kumbe jibu ni kwamba mimi mwenyewe niliwakata katuni katikati.

Mpwa wangu alinitafutia zote mbili, ya kofia na ya George. Alhamisi walipofika sikuwasha mashine. Niliwakalisha benchini wote wawili, bega kwa bega, nikawaambia leo hakuna kunyoa kabla ya hukumu. Wateja wakubwa walilalamika, mmoja ana safari ya Malindi usiku, lakini ilipoanza akanyamaza na yeye.

Ilipofika Muscles anaingia, Hassan akaruka: “Nilikwambia! Wawili!” Hussein akakunja uso, akavumilia. Ilipofika mwisho, Jerry anavaa zile nguo, Hussein akapanda juu ya benchi kabisa: “Si huyo avaa! Si huyo!” Halafu wakatazamana. Mimi nilitegemea kupatana, kushikana mikono. Wapi. Wakaanza kubishana nani alikuwa na haki zaidi, na yule wa Malindi akaingia upande wa Hassan. Nikaweka ya George upesi.

Hiyo iliwanyamazisha. Hawakucheka sana. Walikuwa wanatazama kama watu wanaosoma. Nilipoona wananong'onezana nikajua nina kazi.

Nikanyoa. Kidevu niliangalia, wallahi niliangalia, mwenye kovu kipara, asiye na kovu namba mbili. Wakaondoka. Nusu saa baadaye wakarudi wote wawili wamevaa kofia za kiua, za babu yao nafikiri, zimewashukia hadi masikioni, wameniletea pesa kutoka kwa bibi. Sasa vichwa sivioni, na kidevu kila mmoja amekifunika kwa mkono. “Ami, nani Hassan?” Nikamwonyesha wa kulia. Nikakosea. Nikapewa pesa pungufu shilingi ishirini, ati ndiyo faini.

Lakini nilikumbuka maneno ya Mzee. Wacha kofia, tazama mwendo. Nikawatoa hadi nje nikawatazama wakienda kichochoroni. Kweli! Mmoja anaruka-ruka juu ya mitaro, mwengine anaburuta makubadhi. Miaka minne nawanyoa sijawahi kuwatazama wakienda, nawatazama wakiwa wamekaa tu.

Nikaona nimegundua dawa. Ijumaa baada ya sala nikapitia kwa bibi yao, amekaa barazani na kahawa yake, nikamweleza kwa heshima zote: bibi, hakuna haja ya kupapasa vichwa, hawa waweza kuwajua kwa miguu. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, “Mwanangu, nyumba hii ngazi zake za mbao. Hassan apanda mbili mbili, Hussein aburuta. Nawajua toka walipoanza kutembea.”

Nikamuuliza, sasa kipara cha Hussein cha nini?

“Joto. Hutoka vipele.”

Na ile wiki Hassan alipotoka na kipara, mbona ulimtuma dukani siku zote saba ukimwita Hussein?

Akanywa kahawa kwanza.

“Si alitaka kuwa Hussein? Nikampa kazi za Hussein.”